Sura ya Saba: kisa cha mchungaji wa Rungwe aliyegeuka mwandishi

Kitabu kilikuwa sokoni majuma machache tu pale baraza la wazee lilipomwita mwandishi wake. Hakuitwa kwa sababu ya fundisho potofu, wala fedha. Aliitwa kwa ajili ya kurasa nne za sura ya saba, na aliyepeleka shauri alikuwa mzee wa kanisa, mtu waliyekaa naye kikao kimoja kwa miaka mingi.

Mimi ni mhariri. Niliingia baadaye, toleo la pili lilipokuwa likiandaliwa. Mchungaji ameniruhusu kukieleza kisa hiki. Yule mzee naye aliulizwa, akakubali kwa sharti moja: yaliyokuwa katika zile kurasa nne yasirudiwe. Kwa hiyo msomaji asiyasubiri. Nitasema tu kwamba yalimhusu mama mzazi wa mzee huyo, aliyekwisha kufariki, na kwamba mchungaji aliyasikia akiwa ameketi kando ya kitanda cha mgonjwa. Majina nimeyaacha, na alama nyingine za kuwatambulisha watu nimezifuta.

Mchungaji mwenyewe ni mtoto wa nyumba ya Kimoravian. Alianza kama mwalimu wa shule ya msingi, akaenda chuo cha theolojia, akabarikiwa, akatumwa ushirika mmoja baada ya mwingine: mmoja huku juu Rungwe kwenye chai na migomba, mwingine kule bondeni Kyela kwenye mpunga na kokoa. Alistaafu akiwa na nyumba, shamba dogo la viazi na sanduku la madaftari. Sanduku hilo ndilo kiini cha kisa chote, tutalirudia.

Ukimuuliza alijifunza wapi kuandika, atakwambia chuoni. Mimi naona alijifunzia msibani. Huku kwetu hakuna anayezikwa bila wasifu wake kusomwa, na mara nyingi kalamu humwangukia mchungaji au mwinjilisti. Usiku wa kuamkia mazishi unaketi na ndugu wawili watatu, mmoja ana cheti cha ubatizo, mwingine anabishana kuhusu mwaka wa ndoa, shangazi anakumbuka mtoto aliyefariki mdogo. Asubuhi lazima karatasi iwe tayari: alizaliwa, akabatizwa, akaoa, akajaliwa watoto, akafanya kazi mahali fulani, akaanza kuugua, akalazwa Makandana, akapelekwa Rufaa Mbeya, Bwana akamtwaa. Mtu aliyeandika karatasi za namna hiyo kwa miaka thelathini na ushee amepata mafunzo ambayo waandishi wengi hawana. Anajua kuuliza tarehe. Anajua kwamba ndugu wawili wa tumbo moja hukumbuka tukio moja kwa namna mbili. Anajua kufupisha.

Kwa Wamoravian desturi hii ina mizizi mirefu. Tangu karne ya 18, huko Herrnhut, Ujerumani, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa dini kutoka Moravia, waumini walikuwa wakiandika habari za maisha yao wenyewe ili zisomwe siku ya maziko. Maelfu ya maandishi hayo yamehifadhiwa hadi leo katika hifadhi za kanisa hilo. Tofauti ni kwamba kule marehemu alijiandikia mwenyewe, au walau alianza, na wenzake wakamalizia. Akachagua mwenyewe la kusema na la kuliacha. Huku kwetu anayechagua ni mwingine.

Tena wasifu wa msibani una ufundi wake wa kunyamaza. Mke wa kwanza aliyeondoka hatajwi. Miaka mitano ya Chunya kwenye dhahabu inakuwa "alijishughulisha na kazi binafsi". Waombolezaji wote wanajua, wanajazia wenyewe kimoyomoyo, na hakuna anayesema umedanganya. Kitabu hakina waombolezaji wa kujazia. Msomaji wa Iringa au Songea anapewa ulichoandika na basi. Mchungaji aliligundua hili mapema, na naamini ndilo lililomsukuma, baadaye, kusema zaidi ya alichopaswa.

Kitabu chake cha kwanza sitakikalia sana. Yalikuwa mafundisho mafupi ya familia, yaliyopigwa chapa Mbeya mjini kwa pesa ya kiinua mgongo, yakauzwa mlangoni baada ya ibada na kwenye sherehe za mavuno. Watu walinunua kwa sababu walimpenda. Kiliisha, na kikampa imani kwamba anaweza.

Cha pili ndicho kilichomfanya mwandishi kweli. Alitaka kujibu swali moja: nani alilishika kanisa la Rungwe wakati wamisionari hawapo? Wamoravian walifika mwaka 1891, Theodor Meyer na Theophil Richard wakiwa miongoni mwao. Mwaka huohuo Misheni ya Berlin, chini ya Alexander Merensky, ikaingia pia, wakagawana nchi, Wamoravian wakachukua upande wa magharibi na wale wa Berlin mashariki. Miaka 25 ikapita. Mei 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yakavuka kutoka Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, yakaitwaa Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo, na Wajerumani, wamisionari wakiwemo, wakaondolewa. Waskoti wa misheni ya Livingstonia, kutoka hukohuko Nyasaland, walikuja kusimamia kwa kiasi walichoweza, wakiwa wachache na mbali. Wajerumani walianza kurudi katikati ya miaka ya 1920. Kwa karibu miaka kumi, basi, ibada ziliendelea, watoto walifundishwa, shule za vijijini zilifunguliwa asubuhi, na waliofanya kazi hiyo kila siku walikuwa walimu na wainjilisti wenyeji.

Vitabu vya kigeni vinasema hivyo kwa jumla kisha vinasonga mbele. Hata maelezo ya Meyer kuhusu maisha na desturi za Wanyakyusa, yaliyotolewa kwa Kiswahili pale Mbeya mwaka 1993 kwa jina la Wa-Konde, hayawezi kumsaidia mtu kwa miaka ile, maana mmisionari hakuwepo kuona. Ushahidi uliobaki ni vitabu vya ubatizo, barua chache, na vinywa vya watu. Mashahidi wenyewe wamekwisha. Waliobaki ni watoto na wajukuu, na kila ukoo una babu yake aliyelishika kanisa.

Mchungaji alikuta koo tatu zenye madai hayo, kila moja kwa uhakika kamili. Muswada wake wa kwanza uliamua shauri: babu wa ukoo wa pili ndiye. Sura ilisomeka vizuri mno, na hapo ndipo penye ugonjwa wa mimbarini. Mahubiri hayawezi kumalizika kwa kusema "sijui". Yana mwanzo, mfano, na mwisho ambapo msikilizaji anasimama kuimba. Mtu aliyehubiri Jumapili baada ya Jumapili hukata mambo yanayobaki wazi bila kujua kama anakata. Isitoshe, ukoo wa pili ulikuwa wa upande wa mama yake.

Aliyemwokoa ni mwalimu mstaafu, rafiki yake wa zamani, aliyesoma muswada akiwa na penseli na kuandika pembeni mwa karibu kila aya maneno mawili: "Nani kasema?" Nimeuona muswada huo. Penseli imejaa ukurasa hadi ukurasa, pengine kwa hasira. Mchungaji alinuna, kisha akaanza upya. Katika kitabu kilichotoka, madai matatu yamewekwa pamoja, kila moja likiwa na jina la msemaji, uhusiano wake na babu anayesemwa, na mwaka aliosema. Kisha kinafuata kile ambacho kitabu cha ubatizo kinaonyesha: mwandiko wa nani, katika miaka ipi, kwa watoto wa vijiji vipi. Inadhihirika kwamba walikuwa zaidi ya watatu. Mmoja alikuwa na ufunguo, mwingine alikuwa na kalamu, mwingine alitembea. Hakuna ukoo uliofurahi kabisa, na hakuna uliorudisha kitabu. Hiyo ni sura ya tano, na kwangu ni kazi bora kuliko nyingi zilizoandikwa na wenye shahada.

Sasa tujiulize: mtu huyuhuyu, aliyejifunza kuuliza "nani kasema", alifikaje sura ya saba?

Sura hiyo ilikuwa juu ya ndoa na kanisa, hasa wanawake wa nyumba za wake wengi pale mume alipotaka kubatizwa. Ni jambo zito katika historia ya misheni zote za Nyanda za Juu, na maandishi mengi yanalisimulia kwa upande wa mume na mchungaji. Alitaka sauti ya mwanamke. Nia ilikuwa njema, na swali lilikuwa zuri kuliko yote ya kitabu. Akafungua sanduku.

Ndani ya madaftari yale kulikuwa na kila kitu pamoja. Ukurasa mmoja: hesabu ya sadaka, jina la mgonjwa wa kutembelea, mstari wa mahubiri, tarehe ya kuzaliwa ya marehemu, na chini yake simulizi la mtu juu ya mambo ya zamani. Hakuwa akiandika kwa ajili ya kitabu, alikuwa akiandika asisahau. Baada ya miaka ishirini, simulizi alilopewa na mzee aliyekaa naye barazani makusudi kuhojiwa lilifanana kabisa na simulizi alilomwagiwa na mama anayeugua, usiku, aliyetaka kuombewa. Mwandiko mmoja, wino mmoja. Kila simulizi liliingia nyumbani kwa mlango wake, lakini ndani ya daftari milango haikuonekana tena.

Ndiyo maana sikubaliani na waliosema kikaoni kwamba aliuza siri. Alichokosa ni kumbukumbu ya namna alivyopata habari. Kosa hilo ni dogo kwa nia, kubwa kwa matokeo, na mchungaji yeyote mwenye daftari anaweza kulifanya kesho.

Utetezi wake wa kwanza mbele ya wazee ulikuwa kwamba hakutaja jina. Kweli, hakutaja, na kijiji alikibadilisha. Lakini alibakiza idadi ya watoto, kazi ya mume, umbali wa kwenda mtoni, na maradhi yaliyomlaza mama yule. Rungwe watu hujuana kwa ukoo, kwa kaya na kwa shamba. Ukisema mjane fulani wa karibu na kiwanda cha chai, mwenye watoto kadhaa, mmoja fundi, umekwisha kumtaja. Wasomaji wa mbali hawakujua lolote, wale wa karibu walijua kabla hawajageuza ukurasa. Na wa karibu ndio waliokuwa na maisha ya kuishi na habari hiyo. Waandishi wetu wengi hudhani kuficha jina ni kuficha mtu. Kinachomtambulisha mtu ni mkusanyiko wa mambo madogo, na ni hayohayo madogo yanayoifanya simulizi iwe na uhai. Ukiyafuta yote simulizi inakufa, na ukiyaacha umemvua mtu nguo. Pale ambapo hakuna njia ya kati, simulizi hiyo si ya kuandikwa.

Alisema pia kwamba mama amefariki. Hili lina uzito kidogo, ila walio hai walikuwa wameketi mbele yake. Alisema ni kweli tupu. Hakuna aliyemshitaki kwa uongo. Na alisema inafundisha, neno ambalo kwa mchungaji humaliza mjadala. Hapo ndipo yule mzee, aliyekuwa kimya muda wote, alipojibu kwa upole uliowashinda wengine waliokuwa wakipaza sauti: "Baba mchungaji, mama alikuita uje kumwombea. Hakukuita uje kumhoji."

Sina la kuongeza kwenye hoja hiyo, ila kufafanua kwa nini inazidi ile ya jina. Hata kama mwandishi angeficha kila alama kwa ustadi, hata kama hakuna jirani angetambua, habari ile ilitolewa kwa kazi moja na ikatumika kwa nyingine. Kwa Wakatoliki sheria ya kanisa inaifunga siri ya kitubio bila mwanya, na padri anayeivunja moja kwa moja hujitenga na kanisa kwa tendo lenyewe. Kwa Waprotestanti wa huku mambo ni mapana zaidi: ushauri, ziara, maombi ya mgonjwa, mazungumzo njiani. Mpaka hauna kizimba cha mbao cha kuuonyesha, kwa hiyo mchungaji anaubeba mwenyewe kichwani, na anapostaafu anaubeba bado.

Kuna waliomshauri mzee aende mahakamani. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na familia yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, haiishii kwenye jina tu bali inagusa taarifa inayoweza kumtambulisha mtu. Hakwenda. Alisema kesi ingesomwa na watu wengi kuliko kitabu. Nadhani alipima sawasawa.

Makubaliano yalikuwa ya kawaida kabisa, na yalishikika. Nakala zilizobaki zilitolewa sokoni. Zilizokwisha kununuliwa hazikutafutwa, kwa sababu kuzitafuta kungekuwa kutangaza ukurasa wa kusoma. Mchungaji alikwenda nyumbani kwa familia, si kanisani, akiwa na mkewe na mzee mmoja wa ukoo, akaomba radhi kwa namna wanayoijua wenyewe. Hakuna aliyeandika taarifa.

Kazi yangu ilianzia hapo. Sura ya saba ilibidi ifumuliwe, na mchungaji alitaka kuifuta kabisa. Nilimkatalia. Swali lake lilikuwa bado zuri, na kulifuta kungewarudisha wanawake wale kwenye ukimya walioandikiwa na wamisionari. Tuliamua ianze na kile kilichoandikwa hadharani: vitabu vya ubatizo na vya ndoa, ambavyo vinaonyesha nani alibatizwa lini, nani baada ya nani, na nani hakuonekana tena. Kisha akaenda kwa wajane na binti zao, safari hii akiwa na daftari jipya, akisema mwanzoni kabisa kwamba anaandika kitabu, akirudi kuwasomea alichoandika kabla hakijaenda kuchapwa. Wengine walikataa. Wawili walikubali, kisha mmoja aliposomewa akaomba aya nzima iondolewe, ikaondolewa. Kilichobaki ni kifupi na kikavu kidogo. Hakina machozi ya zile kurasa nne. Msomaji aliyeona matoleo yote mawili aliniambia la kwanza lilikuwa na nguvu zaidi. Ni kweli lilikuwa nazo, na ilikuwa nguvu ya kuazima bila ruhusa.

Tulivutana sana juu ya sentensi moja. Mchungaji alitaka kumalizia sura kwa kusema kwamba yapo mengine anayoyajua lakini hawezi kuyaandika. Aliona ni unyofu. Mimi niliona ni kufungua mlango nusu: kila familia iliyowahi kumwita ingejiuliza kama ndiyo inayosemwa, na wenye toleo la kwanza wangejua mara moja. Mtu anayetunza siri hasemi kwamba anaitunza. Ilichukua muda, tukaandikiana, akaiondoa. Sina hakika kama alikubali au alichoka.

Maisha yake ya uandishi yanaendelea. Anaalikwa kwenye semina Mbeya na Iringa, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji humwendea kuuliza juu ya miaka ya 1916 hadi 1925, na koo mbili kati ya zile tatu zimemletea karatasi nyingine za babu zao. Fedha si nyingi, kitabu cha historia ya mahali kinamlipa mwandishi gharama za chapa na nauli akiwa na bahati. Hasara yake iko kwingine. Wagonjwa wengine sasa humwambia kabla hajafungua Biblia: hii usiandike. Wanasema wakicheka. Mchungaji anacheka nao, lakini mkewe ameniambia wanaomwita usiku wamepungua.

Limebaki sanduku. Kijana mmoja wa ukoo, msomi wa historia, anamsihi alikabidhi lote kwenye maktaba, maana hakuna hazina nyingine kama hiyo kwa Rungwe ya nusu ya pili ya karne iliyopita. Mchungaji yuko njia panda. Mimi nimemwambia wazi: achambue mwenyewe angali na nguvu, anakili kwenye daftari jipya yale aliyopewa kwa ajili ya historia, pamoja na jina la msemaji na siku, kisha yaliyobaki ayachome. Mwanahistoria atapoteza mengi, najua, na kazi yangu mimi huishi kwa makaratasi kama hayo. Lakini maktaba haiwezi kujua ni ukurasa upi uliandikwa barazani na upi kando ya kitanda. Anayejua ni mtu mmoja, na ana miaka zaidi ya sabini. Mpaka naandika haya amekwisha kupitia madaftari matatu.